Bibi Shamba Aliyezipaka Pilipili Ugonjwa

Mimi si mtu wa kusifia watu, na wanaonifahamu watawaambia hivyo. Kwa hiyo nikisema bibi shamba wetu alikuwa mkorofi, mbishi, mchoyo wa sukari, na mwongo pale uongo ulipomfaa, mjue nimeanza na mazuri yake. Alikaa katika kata yetu miaka kumi na tisa, na sikumbuki hata siku moja kumsikia mtu akimwita kwa jina. Alikuwa Bibi Shamba, basi. Siku moja barua yake ililetwa kutoka halmashauri, mtendaji wa kijiji akasoma jina kwenye bahasha, akazunguka nayo siku mbili akiuliza huyu ni mgeni wa nani. Bibi Shamba mwenyewe alikutana naye njiani, akaiangalia bahasha vizuri, akasema mtu huyo hamfahamu. Alikuwa ameshabaini ni barua ya kumwita mkutanoni Chitete, makao ya halmashauri, na barabara ya Chitete wakati wa mvua hakuipenda hata kidogo.

Niwaambie na mimi ni nani, maana habari hii inanihusu kuliko ambavyo ningependa. Ni mkulima wa pilipili, huku Momba, mahali ambapo ukipanda bodaboda baada ya chai unafika Tunduma kabla jua halijawa kali. Pilipili zangu nauza pale sokoni, na akina mama wa Nakonde, upande wa Zambia, wanavuka mpaka kuzifuata. Nyumba ya serikali aliyokaa Bibi Shamba imepakana na bustani yangu ya bondeni, na kwa vile nyumba ile haikuwa na ardhi ya kutosha hata kufukia kuku aliyekufa, nilimpa kipande cha bustani afanyie mambo yake. Sikumtoza kitu. Nilidhani atapanda mchicha.

Alikuwa mfupi, wa mabuti ya mpira kiangazi na masika, na sweta la kijani lililokuwa na kiwiko kimoja tu kizima. Pikipiki ya serikali aliiendesha kwa gia ya pili, kupanda na kushuka, kwa maelezo kwamba gia nyingine ni za vijana wenye haraka ya kufa. Alikuwa mtu wa Ileje, Mndali, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama vilima vya kwao. Akikasirika alimalizia Kindali, na sisi Wanyamwanga tulibaki tukikisia tumetukanwa kiasi gani.

Halafu, jambo ambalo lilinichekesha mpaka siku za mwisho, hakula pilipili. Hata kionjo. Ukimwekea mboga yenye pilipili aliinusa, akasukuma sahani, akaomba chumvi. Aliishi na pilipili kama padri anavyoishi na ndoa: kufungisha anafungisha, mambo mengine hayamhusu.

Na kweli alizifungisha ndoa. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mchicha hautapandwa.

Miaka ile pilipili zetu zilikuwa zinateketea kwa rasta. Ndivyo tunavyouita ugonjwa ule: majani yanapata madoa ya njano kufuata mishipa, yanajikunja, mti unadumaa, na pilipili inayotoka imepinda kama kidole kilichobanwa na mlango. Unaenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaojibanza chini ya majani. Msimu mmoja nilipoteza nusu ya shamba, uliofuata nikapoteza karibu lote. Nilikwenda kwake nikalia kabisa, mtu mzima. Alinisikiliza, akanimiminia chai isiyo na sukari, akaniambia virusi havina dawa. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake. Virusi havina dawa, Mama Lugano, virusi vina wenyeji wabaya na wenyeji wazuri.

Sala hiyo aliipigania. Tunduma palitokea kijana mmoja aliyeuza chupa za dawa ya kumaliza rasta kwa siku tatu. Bibi Shamba akajifunga chitenge, akajitwika beseni, akamwendea na kumsalimu "Mulishani" kwa madaha ya mama wa Nakonde aliyekuja na hela. Mimi nilikuwa pembeni najifanya nachagua nyanya. Akauliza: nikipulizia mti mgonjwa, unapona? Unapona, mama. Mzima je? Hauugui kamwe. Na nikimwagia chini kwenye mizizi? Ndiyo bora zaidi. Akauliza tena, kwa adabu ile ile, kama vidukari nao wakiinywa watapona. Kijana akasema watapona pia, kisha akasita. Bibi Shamba alisimama pale asubuhi nzima akiwatangazia wateja, kwa Kibemba na kwa Kiswahili, kwamba kaka huyu ameahidi kuwepo hapa hapa siku ya tatu, kwa hiyo kila mmoja aje na mti wake. Mchana kijana alikunja mwavuli wake, na hatukumwona tena upande wetu wa mpaka.

Mtu akisema virusi havina dawa, lazima aseme basi vina nini. Maelezo yake alitupatia kwenye mkutano wa wakulima, na aliyatoa kwa vyungu, kwa sababu alisema tukianza na maneno ya chuoni tutalala. Alisema kirusi ni mgeni asiye na chungu. Anaingia nyumbani kwako mikono mitupu, ana mwiko wake tu, na anapikia chungu chako. Akipika anazaa, akizaa wanajaa nyumba nzima, na wewe unakufa njaa. Sasa ziko pilipili ambazo chungu chao kina mdomo uliobanwa. Mwenye nyumba anapika vizuri tu, amezoea, lakini mwiko wa mgeni hauingii. Mgeni anakaa na njaa yake mpaka anakwisha.

"Ila kila pilipili ina vyungu viwili," alisema. "Kimoja kapewa na mama, kimoja na baba. Kimoja kikiwa cha mdomo mpana, mgeni anapika. Mpaka vyote viwili viwe vimebanwa ndipo analala njaa."

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye shamba lake lilikuwa juu ya langu na mbuzi wake walikuwa kila mahali, akauliza sasa tutabana vipi vyungu vya pilipili. Bibi Shamba akamjibu kwamba tutaziozesha.

Alikuwa amepata kipilipili huko kijijini Galula, kwenye ua wa bibi mmoja, kidogo, kikali, kibaya cha sura, ambacho rasta ilikipitia pande zote na hakikuugua. Yetu ilikuwa kubwa, nene, inayopendwa sokoni, na iliugua kabla hujamaliza kuitazama. Alfajiri aliingia bustanini na kibano cha kung'olea nyusi na kiberiti kitupu. Ua la pilipili kubwa lilipokuwa bado halijafunguka alilifungua taratibu, akaling'oa sehemu za kiume, akalipaka chavua ya kile kibaya cha sura kutoka kwenye kiberiti, akalifunga uzi. Ukimwita wakati huo alijibu kwa mkono tu, usogee. Baadaye alisema alikuwa harusini, na harusini watu hawapigi kelele za kuuliza bei ya mbolea.

Watoto wa ndoa ile walipandwa msimu uliofuata, na wote, nasema wote, waliugua. Bustani nzima njano. Wa kwanza kucheka nilikuwa mimi, na nilicheka kwa sauti maana ilikuwa ardhi yangu. Mzee wa kanisa alikuja kutoa pole kama ya msiba. Bibi Shamba akatwambia tunacheka kabla ya wakati. Kila mtoto amepata chungu kimoja kipana kwa mama, lazima mgeni apike. Lakini kile kilichobanwa kimo ndani, kimejificha, na kitaonekana kwa wajukuu. Alichuma mbegu kwenye miti ile migonjwa kwa furaha ambayo kusema kweli iliniudhi.

Wajukuu ndio waliomletea jina la uchawi. Maana hakusubiri vidukari. Alisema vidukari ni wavivu, wanauma huyu wanamruka yule, kisha unamsifu mzima kumbe hakutembelewa. Akachukua majani yenye ugonjwa, akayatwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, akatia maji, akapitisha kwanza majivu laini juu ya kila mche mzima ili jani lichubuke kidogo, halafu akapaka ule ugonjwa kwa kidole, mche mmoja mmoja, akiongea peke yake. Watu waliokuwa wakipita kwenda kisimani waliona mwanamke mtu mzima ameinama, ana kinu, ana majivu, anatia ugonjwa kwenye mimea isiyo na kosa. Mngesema nini ninyi?

Yeye hakukanusha. Aligundua kwamba tangu habari ienee hakuna mtu aliyegusa hata nyanya katika eneo lile, akaniambia uzio wa namna hiyo serikali haiwezi kuununua. Kijana mmoja aliyekataliwa na mchumba alimfuata kwa siri akaomba apakwe kidogo yule mwanaume mwingine. Bibi Shamba alimwambia dawa hiyo inafanya kazi kwa mtu aliyepalilia matuta manane bila kuongea. Kijana akapalilia. Alipomaliza akaambiwa sasa hasira imetoka, aende nyumbani. Alikwenda, na baada ya miezi miwili alikuwa ameoa mwingine, na mpaka leo anaamini alitibiwa.

Kiongozi mmoja naye alikuja kukagua shamba darasa, yaani kile kipande changu, na gari na watu wa kuandika. Akakuta robo tatu ya miche inakufa. Akamuuliza kwa ukali ni nani aliyeacha ugonjwa uingie kwenye shamba la mfano. Bibi Shamba akasimama wima, akasema, "Ni mimi, mheshimiwa, niliuleta mwenyewe." Sikuwahi kuona kalamu zikisimama namna ile. Akamwonyesha ile robo iliyobaki, mibichi, imesimama katikati ya wagonjwa kama haikuambiwa. Mheshimiwa alitazama muda, akauliza hii imepigwa dawa gani. Mgeni aliporudi garini, Bibi Shamba alisema maneno matatu ya Kindali.

Katika ile robo nzima, miti mingi ilizaa vipilipili vidogo kama vya Galula. Hiyo haikuwa na faida kwangu wala kwa soko. Lakini mmoja, mmoja tu, ulikuwa mzima na ukazaa pilipili kubwa, nene, nyekundu, nne kwenye tawi. Vyungu vyake vyote viwili vimebanwa, na umbo lake la mama. Alizunguka mti ule siku nzima. Alisema mbegu zake zote zitatoka nzima, kwa sababu hauna chungu kipana cha kurithisha, na kilichobaki ni kuchagua maumbo tu. Alibakiza miaka miwili na kitu astaafu, akahesabu misimu kwenye vidole, ikatosha. Mimi pia nilihesabu yangu: ada ya Lugano, bati za jiko, kurudisha shamba langu. Siku ile tulipendana sana.

Akaufunga ule mti kitambaa chekundu ili asiuchanganye, akaacha pilipili ziive mpaka mbegu zikomae, na ndipo barua nyingine ya Chitete ikampata. Safari hii mtendaji alimpelekea mpaka mlangoni. Akaenda, mvua ikanyesha, barabara ikakatika, akakwama siku tano.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa sina pa kujificha. Kwetu, mwanamke akitaka kumtolea Mungu malimbuko, anachagua mapema kilicho bora shambani, mkungu au shina la mahindi, anakifunga kipande cha kitambaa. Watoto wakiona kitambaa hawagusi, wageni hawachumi. Ni cha madhabahuni. Hakuna anayefundishwa jambo hilo, unakua unalijua. Yeye alikuwa mtu wa Ileje, kwao sijui wanafanyaje, hatukuwahi kuulizana. Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya mavuno nikaona mti una kitambaa, pilipili zimeiva kupita kiasi, mwenyewe kakwama Chitete. Nikasema masikini, amemwekea Mungu na hatafika. Nikachuma zote, kumi na moja, nikazipanga kwenye ungo juu ya mahindi yangu, nikazipeleka. Nilijisikia mtu mwema sana asubuhi ile.

Baada ya ibada, malimbuko ya siku hiyo yalipikwa kwa ajili ya mchungaji mgeni, na nilikuwa jikoni. Zilikuwa kubwa, zinafanana na hoho, nikazikata kama hoho, nikatoa mbegu, nikazitupa nyuma ya jiko pamoja na maganda ya ndizi. Mchungaji yule alikuwa amehubiri kwa muda mrefu bila tone la jasho. Tonge la pili la chakula changu lilimtoa jasho mpaka kwenye kola. Alikunywa maji yake, ya katibu, na ya kwaya. Wazee wakasema ameguswa.

Jumanne Bibi Shamba alirudi, matope mpaka mapajani. Hakupitia nyumbani, alipitia bustanini. Nilimwona kutoka mlangoni kwangu akisimama mbele ya ule mti, halafu akakaa chini kwenye tope, akashika kile kitambaa. Hapo ndipo nilipoelewa kitambaa kilikuwa cha nini. Sikuwahi kumwona akilia na alikuwa analia bila sauti, mabega tu. Mbuzi wawili wa mzee wa kanisa walikuwa pale pale juu ya kingo wanatafuna, na mdomo wangu ukasema wenyewe: mbuzi, Bibi Shamba. Mbuzi wa mzee. Nimewafukuza lakini nilichelewa.

Usiku haukuingia kabla mzee hajaitwa. Alikuja na kofia mkononi, akaomba radhi kwa niaba ya mifugo yake, akaleta na beberu mdogo wa kufuta kosa. Tulimchinja. Bibi Shamba, ambaye hakuwa na hamu ya kula, alinipa maini mimi, kwa sababu nilikuwa nimejitahidi kuwafukuza. Nikayala. Nasema hivi ili mjue aina ya mtu anayewasimulia.

Kuanzia hapo alirudi nyuma. Mti ule ulinyauka kwa mvua ile bila kutoa nyingine. Akarudi kwa miti migonjwa yenye pilipili kubwa, akasema baadhi yao wamebeba chungu kilichobanwa ingawa kwa macho hawaonekani, akakusanya mbegu zao, akapanda, akapaka ugonjwa, akangoja, akatupa, akapanda tena. Nilimsaidia kuliko nilivyowahi kumsaidia mtu. Nilimwagilia, nilitwanga majani, na nilipoitwa mchawi mdogo niliendelea kutwanga. Yeye alidhani nimeipenda kazi. Misimu mitatu ilipita kabla hajaupata tena mti mmoja mzima wenye pilipili kubwa, na mwezi uliofuata akastaafu. Nyumba ya serikali ikapewa kijana mwenye kompyuta. Mbegu za ule mti alinikabidhi kwenye karatasi ya daftari, akaniambia watoto wake bado wana sura tofauti tofauti, nichague walio sawa misimu miwili mitatu mpaka wafanane. Akarudi Ileje na mabuti yake.

Nikachagua. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, mtu yeyote mwenye macho angeiweza. Sasa hivi ukifika soko la Tunduma ukataka pilipili isiyojua rasta, utaambiwa tafuta pilipili ya Mama Lugano. Nakonde wanasema hivyo hivyo. Kijana wa kompyuta aliniandika kwenye taarifa yake kama mkulima mbunifu, nikapewa cheti na fulana.

Mwaka jana, baada ya mavuno, nilikwenda Ileje kumwona. Nilichukua ndoo ya pilipili na kilo mbili za sukari. Nilimkuta barazani kwa kaka yake, miguu imevimba, anamenya maharage mabichi. Alifurahi kuniona, akanikaripia kwa kuchelewa, akashika pilipili moja, akaigeuza, akaikata kwa kucha, akahesabu mbegu kwa midomo. Akaniambia hata gulio la Isongole ameikuta, na muuzaji alimwambia hii ni ya Mama Lugano wa Momba. "Nikamwambia namfahamu," alisema. "Hakuniamini."

Alisema bila uchungu wowote. Laiti angesema kwa uchungu ningeweza kunyamaza. Nikachukua konzi ya maharage mapajani mwake nianze kumenya, ili niwe na kitu cha kutazama, nikamwambia yote: kitambaa, ungo, jiko la kanisa, mbuzi, maini. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Ilikuwa kali?"

Sikumwelewa. Akarudia: zile pilipili kumi na moja, zilikuwa kali au hazikuwa? Miaka yote hajawahi kujua, na niliyezipika ni mimi. Nikamwambia zilikuwa kali, nikamweleza habari ya mchungaji na maji ya kwaya. Alicheka kicheko chake chote cha zamani, akapiga goti lake lililovimba, akauma meno kwa maumivu, akacheka tena. Akasema kumbe tulimla bure mbuzi wa mzee wa watu. Akasema alishangaa kweli wakati ule kuona mbuzi amechuma na vikonyo bila kugusa jani, lakini akafikiri mbuzi wa mzee wa kanisa wamelelewa vizuri. Hakuwahi kunishuku mimi. Wa kumshuku alikuwa mbuzi.

Kisha akauliza, "Mbegu mlizitupa wapi?"

"Nyuma ya jiko. Kwenye maganda."

"Jumapili."

"Jumapili."

"Na mimi nilifika Jumanne."

Aliacha kumenya. Mimi nilikuwa bado sijaelewa, naapa, miaka yote ile sikuwahi kufikiri hivyo. Nilidhani kosa langu lilikuwa kuchuma.

"Mbuzi akila, zimekwisha," alisema taratibu. "Mtu akila pilipili, mbegu anatupa. Kuku wangekuwa wamekula nusu. Ningepiga magoti pale jalalani, ningepata hata kumi. Kumi zingenitosha, Mama Lugano."

Akainua mkono akahesabu kwenye vidole, msimu, msimu, msimu, na hakuhitaji kunieleza misimu hiyo mitatu ilikuwa ya nani. Ningesema kweli pale kwenye tope, angemaliza mwenyewe, angali kazini, na ingekuwa yake. Machozi yalinitoka mpaka kwenye maharage. Nikamwambia nitarudi Tunduma nimwambie kila muuzaji, nitamwambia kijana wa kompyuta, nitairudisha fulana, pilipili iitwe kwa jina lake.

"Thubutu," alisema. "Ugonjwa nao unazaa, na watoto wake hawafanani. Siku moja atatokea mmoja atakayeiweza hii pilipili. Mashamba yatageuka njano kutoka Momba mpaka Nakonde, na watu watatoka kumtafuta mwenye nayo. Nataka wakute jina lako."

Alicheka mwenyewe, muda mrefu, mpaka kaka yake akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Mimi niliendelea kumenya, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.